Rimu za Spoki kwenye MGB: Anza na Stopa za Raba

Nilipolinunua gari langu, MGB ya wazi ya mwaka 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, lilikuwa na rimu za kawaida za chuma, na kwa miaka miwili kila nilipolitazama likiwa limeegeshwa niliona mtu aliyevaa suti na ndala. Modeli hiyo iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na mteja wa wakati ule aliweza kuongeza fedha kidogo akakabidhiwa gari lenye rimu za spoki, zile zinazoshikwa na nati moja kubwa katikati. Mimi niliamua kulipa nyongeza hiyo kwa kuchelewa miongo kadhaa. Niliagiza rimu tano pamoja na adapta nne, yaani vipande vya kuunganishia rimu hizo, za kufungwa juu ya habu za kawaida (vitovu vya chuma vinavyobeba magurudumu), tukazifunga Jumamosi moja hapa Nairobi, na Jumatatu asubuhi, kwenye tuta la kwanza, tairi la nyuma la kushoto likakwaruza ukingo wa madigadi. Kufikia jioni bega la tairi hilo lilikuwa limechanika mstari mrefu kana kwamba limepitiwa na kisu.

Nilidhani nimeuziwa rimu zisizo za gari hili. Haikuwa hivyo. Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe: sikujua kwamba MGB zilizotoka kiwandani na rimu za spoki zilifungwa ekseli ya nyuma iliyo fupi kidogo kuliko ile ya magari yenye rimu za chuma, kwa sababu habu ya spoki yenyewe huchukua nafasi zaidi kuelekea nje. Ukiweka adapta juu ya ekseli ndefu, gurudumu husogea nje na kuukaribia ukingo wa bodi. Kosa la pili lilikuwa la umri wa gari, nalo ndilo lililogeuza ukaribu huo kuwa mgongano. Springi za nyuma, ambazo ni za majani, zilikuwa zimelegea na kulala, na stopa za raba zilizo juu ya ekseli zilikuwa zimebaki vipande vyeusi vinavyomomonyoka ukivigusa kwa kidole.

Stopa hizo wengi wetu hatuzitazami kabisa, kwa kuwa hazionekani mpaka ulale chini ya gari. Kazi yake si kusimamisha ekseli ghafla. Raba nzuri hubonyea kidogo kidogo, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyokuwa ngumu, hata ikawa kama springi ya pili inayofanya kazi katika sentimita chache za mwisho za safari ya gurudumu. Ikiisha, ekseli hupanda zaidi ya ilivyokusudiwa na hatimaye chuma hugonga chuma, na pigo hilo huingia moja kwa moja kwenye bodi. MGB haina chesi inayojitegemea. Bodi ndiyo chesi, kwa hiyo mapigo ya namna hiyo yakirudiwa kwa miaka huzaa nyufa mahali ambapo kutu tayari imeshaanza kula.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kazi ianzie chini, kabla ya rimu kutolewa kwenye maboksi. Egesha gari mahali tambarare, tangi likiwa limejaa na watu wawili wakiwa wameketi, kisha upime nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba kila upande. Kwangu ilikuwa upana wa vidole viwili upande mmoja na pungufu ya hapo upande wa dereva. Baada ya kubadilisha springi ikawa vidole vinne pande zote mbili. Bolti za bushi za springi mpya usizikaze gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Ziache zikiwa zimeshika tu, ushushe gari chini libebe uzito wake, ndipo ukaze, kwa sababu raba ya bushi iliyokazwa ikiwa imejipinda hukatika mapema.

Ukiwa huko chini, tazama pia mikanda miwili inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Shokapu za gari hili ni zile za mkono wa wenzo, hazikuundwa ziwe kizuizi cha mwisho, na mkanda ukikatika ndizo zinazobeba ekseli kila unapopiga jeki kwenye bodi. Upande wa mbele raba ni ndogo na huchakaa polepole zaidi. Nilizibadilisha zote kwa pamoja na sikukuta la ajabu.

Kuna watu wawili walionishauri nifunge stopa ndefu zaidi ili tairi lisifikie madigadi. Nilijaribu kwa wiki moja, na sitarudia. Ekseli inayogusa raba karibu muda wote haina springi tena. Gari lilidunda kama mkokoteni, na kwenye kona yenye mashimo mgongo wake uliruka pembeni bila kuniomba ruhusa. Zile za plastiki ngumu za rangi nyekundu pia sizipendi kwa gari la barabarani, ingawa hudumu, kwa kuwa hazibonyei taratibu kama raba. Chukua raba ya kipimo cha kiwandani. Tairi likiendelea kugusa hata springi na stopa zikiwa nzima, basi tatizo liko kwenye upana, na upana haurekebishwi kwa stopa.

Ili kujua ukweli huo bila kuharibu tairi jingine, nilipakia mifuko ya mchanga kwenye buti hadi ekseli ikagusa raba, nikapima nafasi kati ya tairi na ukingo, nikikumbuka kwamba kwenye tuta la kweli raba itabanwa zaidi ya pale. Adapta zangu zilifeli mtihani huo. Niliziuza, nikatafuta kwa miezi minne ekseli kamili ya spoki kutoka gari lililokuwa likikatwa vipuri, na nakiri kwamba ilinigharimu kuliko rimu zenyewe. Asiyeweza gharama hiyo ana njia nyingine: zipo rimu za spoki zinazofungwa kwa nati nne za kawaida, zenye nati ya katikati ya urembo tu. Wenye kupenda asili ya gari watanuna, lakini madigadi yatapona.

Sasa rimu. Habu ya spoki ina meno yanayoingiana na meno ya ndani ya rimu, na meno hayo ndiyo yanayobeba nguvu yote ya injini na ya breki, huku nati ikiikandamiza tu rimu kwenye kitako chake cha mviringo mshazari. Osha meno kwa mafuta ya taa uyatazame mwangani. Yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, habu imekwisha, na rimu mpya ukiifunga juu yake italiwa vivyo hivyo. Kwa gari ambalo tayari lina spoki, inua gurudumu, mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu, nawe ulitikise mbele na nyuma. Likicheza wakati habu imetulia, meno yamelika. Ukiridhika, paka grisi kiasi kwenye meno, kwenye uzi wa nati na kwenye vitako vyote viwili. Ukifunga rimu kavu itaota kutu na siku ya pancha haitatoka.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni uzi wa habu. Upande wa kushoto wa gari uzi ni wa kawaida, unaokazwa kwa kuzungusha kulia, na upande wa kulia ni wa kinyume, na mpangilio huo si mapambo: gurudumu linapozunguka kwenda mbele, mtikisiko mdogo wa rimu juu ya kitako chake huivuta nati ikaze. Ukibadilisha habu pande, mtikisiko uleule huifungua. Kijana aliyenisaidia kufunga adapta zile za kwanza alizichanganya za mbele, nami sikukagua. Baada ya kilomita ishirini hivi nilisikia mlio wa tak, tak nikigeuza kona, nikasimama, nikakuta nati inazunguka kwa vidole. Kanuni rahisi ni hii: sikio la juu la nati, yaani bawa linalochomoza ubavuni mwake, likigongwa kuelekea mbele ya gari, nati hufunguka, likigongwa kuelekea nyuma, hukaza, kwa pande zote mbili. Tumia nyundo ya shaba au ya risasi, gurudumu likiwa hewani, na ugonge tena baada ya kilomita chache za kwanza. Nati zisizo na masikio, zenye pembe nane, hukazwa kwa spana yake maalumu.

Rimu za spoki za kawaida huhitaji tyubu, kwa kuwa kila spoki hutoboa rimu. Hakikisha ncha za spoki hazijajitokeza ndani, funga utepe wa raba juu yake, na ubandue karatasi zote zilizogandishwa ndani ya tairi, maana hata karatasi husugua tyubu mpaka itoboke. Kwenye balansi, mwambie fundi aishike rimu kwenye vitako vyake vya mshazari. Koni ya kawaida hushika ncha za meno na kukupa majibu ya uongo. Mara moja kwa miezi michache mimi hugonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya bubu.

Mwisho nilipaka chaki nyeupe juu ya stopa zote mbili za nyuma, nikaenda Naivasha na kurudi kwa njia ya Mai Mahiu, nikiwa na abiria na mizigo. Niliporudi, upande wa kushoto chaki ilikuwa imefutika doa dogo kama sarafu ya shilingi kumi, na upande wa kulia haikuguswa kabisa. Matairi yote manne hayakuwa na alama.