Soma mgongo wa ampli, si boksi lake

Twita yangu ya kushoto, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ilikufa Jumapili moja saa kumi jioni, wageni wamejaa sebuleni na sahani za pilau mapajani. Haikulipuka wala kutoa moshi. Matarumbeta ya bendi ya Msondo tu yalihamia upande mmoja wa nyumba, nami nikabaki nazungusha balansi kama mtu anayetafuta stesheni ya masafa mafupi usiku. Ampli iliyoiua, yaani mashine inayokuza sauti na kuipeleka kwenye spika, ilikuwa na wiki tatu tangu niinunue, na muda wote huo nilikuwa najisifu kwamba nimepanda daraja.

Kabla yake nilikuwa na ampli ya zamani ya wati 30 kila upande, na spika mbili za kusimama sakafuni, za mtumba, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Siku za kawaida sikuwa na malalamiko. Shida ilikuja siku za watu: volyumu ikifika pale ambapo mshale wa saa hukaa saa nane, sauti inaanza kukwaruza na besi inageuka kama mtu anayepiga boksi la maandazi. Nikaamua dawa ni wati. Kariakoo nikaonyeshwa kiboksi cha alumini, ukubwa wake haupiti daftari la shule. "Kaka, hii mia kwa mia. Mia kushoto, mia kulia." Nikalipa bila hata kukigeuza niangalie nyuma.

Msiba ulipotokea nikabeba kila kitu hadi kwa fundi, mzee mmoja wa Buguruni. Hakugusa spika kwanza. Alichukua adapta ya umeme iliyokuja na ile ampli, akaisogeza machoni, akasoma: volti 24, ampea 3. Akachomoa kalamu ya nyuma ya sikio na kuandika juu ya kipakiti cha fyuzi: 24 × 3 = 72.

"Mwanangu, humu zinaingia wati 72, kulia na kushoto kwa pamoja. Hizo mia mbili zinatoka wapi?"

Halafu akaniongezea la pili, lililoniuma zaidi. Kwa spika ya omu 8, volti 24 haziwezi kutoa zaidi ya wati 30 na kitu kila upande, hata ukiweka adapta ya ampea 10. Chipu nyingi za aina hiyo hutangazwa kwa wati zilizopimwa kwenye omu 4, tena mkwaruzo ukiwa umefika asilimia 10. Kwa hiyo nilikuwa nimebadilisha wati 30 kwa wati 30, na hela nimetoa.

Twita je, iliuawa na nini kama nguvu yenyewe ilikuwa ndogo? Iliuawa na udogo huohuo. Ampli ikiishiwa nguvu, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa bapa, kama ua wa michongoma uliopitiwa na panga. Kukatwa huko kunazaa sauti kali za juu ambazo kwenye wimbo hazikuwemo, na mwenye kuzimeza ni twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama uzi. Mimi kwa kuamini nina wati mia, nilikuwa nazidi kukandamiza volyumu. Ampli kubwa inayofanya kazi kwa nafasi ni salama kwa spika kuliko ndogo inayolazimishwa, mradi mwenye nyumba ana adabu ya volyumu.

Basi ukitaka kubadilisha ampli, anza na spika, si duka. Nyuma ya spika au kwenye karatasi zake kuna namba ya desibeli, kwa mfano 86 au 92, ambayo ni ukali wa sauti kwa wati moja ukiwa mita moja. Wengi wanairuka. Kila unapozidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, na sikio la mtu huhitaji karibu desibeli 10 kusema "sasa imekuwa mara mbili". Ndiyo kusema spika ya desibeli 92 yenye wati 25 inakwenda sawa na spika ya desibeli 86 yenye wati 100. Kuna wakati ampli haina kosa lolote, spika ndiyo nzito kama punda wa Jumatatu.

Omu nazo zisikupite. Spika ya omu 4 inavuta umeme mara mbili ya ile ya omu 8. Ukichomeka jozi mbili za omu 8 kwenye ampli moja, moja sebuleni na nyingine barazani, ampli inaona omu 4. Kama mgongo wake umeandikwa omu 6 hadi 16, usiifanyie hivyo. Binamu yangu aliifanyia, ampli ikawa inajizima kila nyimbo mbili, naye akazituhumu nyaya kwa mwezi mzima.

Kuhusu boksi: ukiona neno PMPO, hiyo namba iache hapohapo. Hakuna kipimo kinachokubalika nyuma yake, kila mtengenezaji hujiandikia anavyojisikia. Nimewahi kushika sabufa iliyoandikwa wati 12,000 kwa mbele, na mgongoni, karibu na waya wa umeme, pameandikwa matumizi wati 60. Tafuta neno RMS, yaani wati ambazo ampli inaweza kuzitoa mfululizo, kisha uulize ni kwa omu ngapi na mkwaruzo asilimia ngapi. Ujanja huu si wa hapa kwetu peke yake wala si wa jana. Marekani waliweka kanuni mwaka 1974 ya namna wati za ampli za nyumbani zinavyotangazwa, kwa sababu hizihizi.

Mimi mwishoni nilichukua mtumba wa Kijapani, wati 80 kila upande kwa omu 8, ile aina ya zamani yenye transfoma kubwa ndani. Ukiinyanyua mgongo unajua. Naipenda njia hii na nitaitetea, lakini ina mtego mmoja: Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya volti 230, bahati nzuri ni fyuzi kukatika, na bahati mbaya ni kapasita kupasuka na nyumba kunuka samaki aliyeungua. Muuzaji anaweza kukuambia "imeshabadilishwa hii". Geuza usome, na kama kweli imebadilishwa, afungue mfuniko uone kazi ya fundi. Yangu iliandikwa 100V, 50/60Hz, 200W, nami nikanunua transfoma ya kushusha umeme ya VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), maana inayotoshea kwa kubana hupata joto na kuvuma. Bei ya transfoma ijumlishe kwenye bei ya ampli kabla hujasema umepata bwerere. Hertzi za Kijapani hazina tabu, kwa kuwa nusu ya nchi yao ya mashariki inatumia 50 kama sisi. Ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake ndiyo ya kuogopa, transfoma yake hapa itachemka.

Dukani usikubali kusikilizishwa nyimbo mbili na kuambiwa funga. Iwashe volyumu ikiwa sifuri na usikilize: baada ya sekunde chache relei, swichi ndogo ya ndani inayounganisha spika, inatakiwa kugonga "ta" moja. Zungusha kila kitufe taratibu. Sauti ya kokoto ni vumbi, linasafishika, tumia kuombea punguzo. Kisha omba mita, iwekwe kwenye milivolti, igusishwe kwenye vituo vya spika bila spika wala muziki. Chini ya 50 ni salama. Ikisoma volti nzima, shukuru na uondoke, hiyo ingekula wufa zako, zile spika kubwa za besi, siku ya kwanza. Iache iimbe nusu saa huku mkipiga soga, halafu gusa vyuma vyake vya kupozea. Uvuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa baridi na mwingine haugusiki, kuna jambo.

Hivi vidogo vya kisasa vya daraja D, jamii ya kile kiboksi changu, sivichukii, msinielewe vibaya. Karibu asilimia 90 ya umeme vinaouvuta huenda kwenye spika, wakati ya kizamani inapoteza sehemu kubwa kuwa joto, na Dar ya Januari haihitaji jiko la pili sebuleni. Ukiwa na adapta ya kueleweka na umeisoma ile hesabu ya volti mara ampea, nunua kwa moyo mweupe. Luku yako, mita ya umeme wa kulipia kabla, itakushukuru.

Ampli ya kizamani inataka hewa. Mama alipokuja kututembelea aliikuta ampli uchi juu ya kabati, akaona aibu, akaivisha kitambaa chake cha kufuma chenye maua ya waridi, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua. Saa mbili baadaye ikajizima. Tulikubaliana kitambaa kikae juu ya transfoma ya nje kwanza, nayo nikakiondoa alipopanda basi, maana transfoma nayo inapumua. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huja na nguvu ya kuvunja mlango.

Tofauti niliyoipata? Kutoka wati 30 hadi 80 ni desibeli 4 na kitu, kwa hiyo nyumba haikutikisika kama nilivyoota. Lakini saa nane ya volyumu imepita bila mkwaruzo, gita la besi linasikika nyuzi yake badala ya mngurumo, na wageni wanazungumza bila kupiga kelele juu ya muziki. Nusu ya mabadiliko hayo, nakiri, yaliletwa na zulia na mapazia mazito niliyoweka wiki ileile. Sebule ya vigae na ukuta mtupu inarudisha kila sauti usoni mwako, na hakuna ampli inayotibu hilo.

Kile kiboksi cha alumini sikukitupa. Kiko jikoni kinaendesha spika mbili ndogo za desibeli 90, na adapta yake ileile ya ampea 3, na mke wangu anasema ndiyo redio nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo.