Deni lipi la kiufundi lilipwe kwanza?

Mtayarishaji programu Mmarekani Ward Cunningham alipoufananisha na deni msimbo (maandishi ya programu ya kompyuta) unaotolewa ukiwa bado wa mara ya kwanza, mwaka 1992, kukopa hakukuona kuwa ni kosa mradi ulipe mapema. Hatari aliiona kwenye riba, yaani muda unaopotea kila unapofanya kazi juu ya msimbo ambao haujakaa sawa. Timu nyingi husahau hapo, zikapanga madeni kwa sura. Faili refu kuliko yote, lenye majina ya ajabuajabu, ndilo linaloongoza orodha hata kama halijaguswa kwa miaka.

Mimi huanza na historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Iambie amri yake ya git log itaje majina ya mafaili tu kwa miezi sita iliyopita, kisha hesabu kila jina limejitokeza mara ngapi. Mara nyingi mafaili machache ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mabadiliko. Ondoa yale ya usanidi, yaani ya mipangilio ya programu, maana hubadilika bila kumuumiza mtu. Katika yanayobaki, tafuta yanayojirudia kwenye ripoti za hitilafu, na yale ambayo kila mtu anamsubiri mwenzake mmoja ayaguse. Riba iko hapo. Na lile faili baya lisiloguswa? Aliyelala usimwamshe.

Lakini kuna madeni ambayo riba yake huja kwa mpigo. Msimbo uliokufa, yaani usiotumika tena ila haujafutwa, ni mojawapo. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ilikuwa imeweka toleo jipya kwenye seva zake, ikairuka moja kati ya nane. Kwenye seva hiyo, swichi ya zamani ya ndani ya programu, iliyopewa kazi mpya, iliwasha msimbo ulioachwa kwa miaka. Ndani ya dakika kama 45 zikapotea zaidi ya dola milioni 400. Kufuta msimbo wa namna hiyo ndiyo malipo rahisi kuliko yote, na bado watu huuonea huruma! Zipo pia lugha za programu na maktaba za msimbo zinazoishiwa msaada wa watengenezaji wake: mwisho wa msaada wa Python 2, toleo la zamani la lugha ya Python, 1 Januari 2020, ulijulikana miaka mingi kabla. Deni lenye tarehe liingie kwenye kalenda.

Miezi miwili ya kusafisha tu siombi. Mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kijengwe, haguswi na “msimbo mchafu”. Anaguswa akionyeshwa kwamba badiliko lililochukua siku mbili mwaka jana sasa linachukua wiki. Faili litakaloguswa na kazi ijayo liandikie kwanza majaribio ya kuhakikisha linafanya kazi, ulisafishe kwa kiasi kazi hiyo inachohitaji, na usafi huo utume peke yake kabla ya kipengele kipya, ili ukileta shida urudishwe bila kukiburuta.