Jibu: Adui wa mapenzi anachekesha badala ya kutisha

Salaam ndugu yangu wa Ujiji. Umeeleza kwamba mnaigiza hadithi ya mapenzi ya mwaka 1914, Reli ya Kati ilipofika Kigoma, na kwamba kila anapoingia yule tajiri anayemchumbia binti kwa hila, watazamaji huangua kicheko.

Kabla ya kumlaumu mwigizaji, soma upya onyesho lake la kwanza, ujiulize kama binti mwenye akili timamu angeweza kumpenda. Akiingia amekunja uso na kumfokea mtumishi, siri yake imeshatoka, na binti akimsikiliza ataonekana mjinga. Mtazame Wickham, mhusika wa mwandishi Mwingereza Jane Austen katika riwaya ya Pride and Prejudice ya mwaka 1813: ana sura nzuri na ulimi mtamu, hata Elizabeth, mhusika mkuu, ambaye si mtu wa kudanganywa ovyo, anamwamini, mpaka barua ya Darcy, mwanamume mwingine anayempenda Elizabeth, inapofichua kwamba Wickham alitaka kumtorosha Georgiana, dada yake Darcy, msichana wa miaka 15, kwa tamaa ya mali yake ya pauni 30,000.

Kikundi chetu hapa Tabora kilimpa mhusika wa namna hiyo tendo moja la ukarimu: anamlipia baba wa binti deni la dukani bila kuombwa, kisha, badala ya kuichana hati ya deni, anaikunja taratibu na kuitia mfukoni. Hakuna aliyecheka. Kwa maoni yangu hata mchumba wa kweli alinufaika, maana sasa alikuwa na mtu wa kushindana naye.

Kuhusu maleba, yaani mavazi ya waigizaji, wajuzi wa humu watakusaidia kuliko mimi.