Kabla hujapanga washambuliaji wanne

Mara ya kwanza nilipopanga 4-2-4, yaani mabeki wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne, tulifungwa matano kwa moja. Ilikuwa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwezi wa nane, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tulitangulia kufunga, watu wakapiga mbinja, nami nikajiona bingwa. Kabla ya mapumziko kiungo wangu akanigeukia, mikono kiunoni: "Kocha, niko peke yangu huku!" Kwenye karatasi walikuwa wawili. Ila mwenzake alipanda na mpira, akanyang'anywa, na wapinzani watatu wakamjia huyu mmoja wakicheka.

Huku kwetu kila mtu ni kocha. Kaa mtaa wa Kamalondo siku timu zetu mbili kubwa, Mazembe na Lupopo, zinacheza, meza nzima itakuambia uongeze washambuliaji. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini mshambuliaji asiyefikiwa na mpira ni mtazamaji aliyeingia bila tiketi.

Brazil walichukua Kombe la Dunia la 1958 kwa mfumo huu, wakaifunga Sweden kwao 5-2 kwenye fainali. Watu wanamkumbuka Pelé wa miaka 17, Garrincha upande wa kulia, Vavá katikati. Mtu wangu pale ni Zagallo, winga wa kushoto. Mpira ukipotea alirudi kati kuwasaidia Zito na Didi, na ghafla viungo wanakuwa watatu. Kwa hiyo ukitaka kucheza 4-2-4, mtafute kwanza huyo wa kurudi. Wa kufunga utampata tu, kila mtoto anataka kufunga.

Wangu wa kurudi sikumchagua kwa mbio. Nilimchagua kwa sababu asubuhi anasukuma baiskeli ya makala, yaani mkaa, na jioni bado anacheza dakika tisini bila kulalamika. Mashabiki walinisema sana kwa kumweka winga mtu asiyejua chenga.

Kosa langu la pili lilikuwa umbali. Mabeki walibaki nyuma kwa woga, wale wanne wakasimama mbele wakingoja, na katikati pakawa uwanja wa ndege. Nilinunua kamba ya kuanikia nguo, nikakata vipande vya mita 15. Kiungo akashika ncha moja, mshambuliaji ncha nyingine, wengine wakashika hivyo hivyo mpaka kwa mabeki, tukasogeza mpira polepole bila mpinzani. Kamba ikikaza, wote wanasimama. Ikilegea mpaka ikaburuta chini, wamesongamana. Siku ya kwanza walicheka na kuvutana kama mbuzi. Wiki ya tatu, mpira ukienda mbele, mabeki walipanda bila mimi kupiga kelele.

Wale wanne wasisimame mstari mmoja, hilo ni zawadi kwa mabeki. Mawinga wakanyage chaki ya pembeni, mmoja wa kati abaki na beki wa mwisho, mwingine ashuke hatua chache. Beki akimfuata, nyuma yake pana mlango wazi. Asipomfuata, mtu wetu anageuka na mpira. Na huyo anayeshuka ndiye wa kumkaba kiungo wao wa chini tukipoteza mpira, maana dhidi ya viungo watatu, wawili wetu watakufa bila yeye.

Mabeki wa pembeni: mmoja apande, mwingine abaki. Wakipanda wote wawili, nenda ukamwombee kipa wako.

Mpira ukipotea mbele, aliye karibu amvamie mwenye mpira papo hapo, na wenzake wazibe pasi fupi. Wakishindwa ndani ya sekunde tano hivi, warudi wote. Kukimbizana zaidi ya hapo kunawamaliza, na 4-2-4 yenye wachezaji waliochoka ni ile ile ya Katuba.

Siku hizi siianzi mechi nayo mara nyingi. Naitumia dakika ishirini za mwisho tukiwa nyuma, au dhidi ya timu inayojifungia golini. Na ikifika Januari, mvua ikigeuza uwanja kuwa matope na pasi ya chini ikifia njiani, nawarudisha kwenye 4-4-2 bila aibu. Hapo huyu wa makala hata simwambii kitu, kwani tayari amesharudi mahali pake.