Tuombe mashine ya kuyeyusha plastiki, au tuanze na nini?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Wenzangu wanapendekeza tuiombe serikali ya kaunti itununulie mashine ya kuyeyusha plastiki. Je, hiyo ndiyo hatua ya kwanza inayofaa ili taka za mji wetu zirejelezwe?

Jibu: Ndugu mjumbe, ningeshauri ombi la mashine lisitangulie, kwa sababu hakuna mashine itakayofanya kazi vizuri na chupa zilizochanganyika na maganda ya maembe, mabaki ya samaki na samadi ya punda. Katika miji mingi ya Kenya, taka zinazooza huwa zaidi ya nusu ya uzito wote, na ndizo zinazochafua karatasi na plastiki ambazo zingepata mnunuzi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuidai kaunti ni utaratibu wa kutenga taka mbichi, yaani zinazooza, na taka kavu majumbani, sokoni na hotelini, kabla mchukuzi hajazigusa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka utengaji huo na inazipa kaunti jukumu la kuanzisha vituo vya kuchambulia taka. Tena Jedwali la Nne la Katiba limekwisha kuuweka uzoaji wa taka mikononi mwa kaunti, hivyo hakuna cha kusubiri kutoka Nairobi.

Kwenu hoja hii ina uzito kuliko ilivyo Malindi, ambako lori hufika karibu na mlango na lami inakwenda moja kwa moja hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Lamu taka hutolewa vichochoroni kwa punda na mikokoteni, na chochote kinachouzwa bara hakina budi kuvushwa hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kupakiwa upya kwa safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Kuvusha maganda yaliyojaa maji ni kutupa fedha baharini, kwa hiyo taka mbichi zimalizwe kisiwani.

Kuzigeuza mboji si kazi ngumu. Mabaki ya jikoni na samadi huchanganywa na vitu vikavu, kama vile makuti, majani na makumbi yaliyokatwakatwa, hadi kaboni, iliyo nyingi katika vitu vikavu, iwe takriban mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, iliyo nyingi katika mabaki na samadi. Lundo likiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa na likigeuzwa mara kwa mara, joto lake hupanda hadi nyuzi 55 au zaidi, kiasi cha kuua vijidudu na mbegu za magugu. Mabaki ya samaki yafukiwe katikati ya lundo, la sivyo paka wa Lamu watalifumua usiku huohuo. Mahali pa kazi hiyo, sawa na jaa lenyewe, pawe mbali na machuguu ya mchanga ya Shela, kwa kuwa maji ya mvua yanayojikusanya chini ya mchanga huo ndiyo maji matamu ya mji, na uchafu hupenya mchangani upesi sana.

Taka kavu zikifika safi kituoni, uchambuzi wake hauhitaji maabara. Vipande vya chupa za soda na maji huzama hata katika ndoo ya maji ya bahari, ilhali vya vifuniko na vya madumu huelea. Kifaa cha kwanza cha kununua ni mashine ya kushindilia plastiki iwe marobota, kwani chupa zisizoshindiliwa hujaza mashua kwa hewa tupu. Zinazookotwa ufukweni ziwekwe kando. Jua limekwisha kuzidhoofisha, na wanunuzi wengi huzikataa au huzishushia bei. Hapo ndipo kuyeyusha kunapopata maana, na ujuzi mnao: jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kuzinduliwa mwaka 2018, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mabomba ya PVC lakini yasiyeyushwe kamwe, kwa sababu hutoa gesi yenye asidi inayounguza mapafu.

Lililobaki ni mkataba, na kwa maoni yangu hapa ndipo kaunti nyingi hukwama. Mkandarasi anayelipwa kwa idadi ya safari za kwenda jaani hana sababu ya kuzipunguza. Alipwe kwa uzito uliopimwa kwenye mizani ya kituo, wa mboji iliyotoka na wa marobota yaliyouzwa, na sehemu ya gharama idaiwe kwa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa, ambao Kanuni za Wajibu wa Mzalishaji za mwaka 2024 zinawabebesha mzigo wa vifungashio vyao. Utengaji uanze na hoteli pamoja na soko, kwa kuwa hao ni wachache, hutoa taka nyingi, na leseni zao za biashara hutolewa na kaunti yenyewe, ambayo inaweza kuweka utengaji kuwa sharti la kuzihuisha. Mitaa ya makazi, Langoni na Mkomani, ifuate pindi ratiba itakapokuwa na siku zake za taka mbichi na siku zake za taka kavu. Ombi la mashine lipelekwe baada ya mnunuzi wa bidhaa zake kutia saini.