Safari ya ubao wa tanga na marafiki wikendi ndefu: mpango uanze na asiyejua

Mkuu, umesema mko marafiki watano, wawili wanajua kuendesha ubao wa tanga (windsurfing), ule unaosimama juu yake majini huku umeshika tanga, na watatu hawajawahi kuushika. Mna siku tatu za sikukuu, na mmegawanyika: wengine wanataka ufukwe unaosifiwa kwa upepo mkali, wengine ghuba tulivu. Mimi na kundi langu tumekuwa tukisafiri kwa ajili ya mchezo huu kila tunapopata wikendi ndefu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nendeni kwenye ghuba. Panapomfaa mgeni, mjuzi naye hakosi la kufanya, hasa mchana upepo ukipanda. Panapomfaa mjuzi peke yake, watatu wenu watakaa mchangani wakilinda mabegi, na wale wawili watakuwa majini huku roho zikiwasuta. Safari nyingi za marafiki huharibikia hapo, na mara nyingi wala si kwa kukosa upepo.

Kabla hamjauliza upepo una nguvu kiasi gani, ulizeni unatoka wapi. Ukitoka baharini moja kwa moja, unamrudisha mtu ufukweni kila anapojaribu kuondoka, na unaleta mawimbi yanayomvunjikia miguuni. Anachoka, lakini yuko salama. Unaotoka nchi kavu ndio wa kuogopa, kwa sababu hatari yake haionekani. Karibu na ufukwe maji yametulia kwa kuwa miti na majengo yanaukinga upepo, na mgeni anadhani amepata mahali pazuri pa kujifunzia. Akisogea mbele kidogo anatoka kwenye kinga, upepo wote unamshika, na kila anapoanguka anazidi kusukumwa kwenda nje. Hajui kupiga bisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda upande huu na ule, basi hana njia ya kurudi. Kwetu hilo halina mjadala: upepo ukitoka nchi kavu, anayejifunza haingii majini, hata kama ndiyo siku ya mwisho ya safari. Upepo mnaoutaka ni ule unaopita sambamba na ufukwe. Kwa huo mtu anakwenda nje na kurudi kwa mstari mmoja, bila kulazimika kupanda joshini, yaani upande upepo unakotoka.

Saa nazo zina maana kubwa. Siku ya jua kali, nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake inapanda, na hewa baridi ya baharini inaingia kujaza nafasi. Upepo huo huanza kuonekana asubuhi ikiisha, hufikia kilele alasiri, kisha hulegea jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo ratiba inajipanga yenyewe: asubuhi ni ya wanaojifunza, alasiri ni ya wanaojua. Anayetaka kulala mpaka saa nne atakosa darasa lake, na mwambieni hivyo mapema. Wingu zito likifunika anga, msitegemee upepo huo sana. Na kabla ya kuingia angalieni saa za maji kujaa na kupwa, maana maji yakipwa pezi lililo chini ya ubao linaweza kugota mwamba na kumrusha mtu mbele.

Kwa kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu za upepo kwa namba, anayeanza anatosheka na nguvu ya 2 hadi 3, yaani kilomita 6 hadi 19 kwa saa. Ikifika 4, kilomita 20 hadi 28, mjuzi anaanza kuteleza kwa kasi juu ya maji kwa raha, lakini mgeni anateseka. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inaongezeka mara nne. Ndiyo maana tanga lililokuwa rafiki asubuhi linaweza kumng'oa mtu mchana, ingawa ukiangalia bahari huoni tofauti kubwa.

Vifaa sitavisemea sana, ila msifanye ubahili kwenye ukubwa wa ubao. Lita moja ya ujazo hubeba takribani kilo moja. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye ubao wa lita 80, ukijumlisha uzito wa ubao wenyewe, mlingoti na tanga, anazama papo hapo mpaka ubao ushike kasi. Anayeanza anahitaji ubao mpana wa lita 160 na zaidi, wenye pezi la katikati, na tanga dogo la mita za mraba 3 hadi 5 kulingana na mwili wake. Mbao mbili kubwa zinawatosha watu watatu, kwa sababu mmoja atakuwa anapumzika kila wakati.

Sasa kufundishana, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chombo hiki hakina usukani. Mlingoti umeshikwa kwenye ubao kwa kiungo kinachoinama kila upande, na muundo huo ndio Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliouombea hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1968. Ukililaza tanga mbele, pua ya ubao inageukia demani, yaani upande upepo unakokwenda. Ukilivuta nyuma, inageukia joshini. Hayo ndiyo maarifa makuu, na yafundisheni mchangani kwanza, kabla mtu hajalowa, mpaka mikono yake iyajue bila kufikiri. Mkiingia majini, mgeni mmoja awe na mwalimu mmoja na apewe neno moja kwa wakati mmoja. Watu wawili wakimpigia kelele kutoka ufukweni, hasikii lolote. Lingine la kumwambia: anapovuta kamba ya kuinulia tanga, akunje magoti, anyooshe mgongo, aegemee nyuma kwa uzito wake wote na asubiri maji yamwagike. Akivuta kwa kiuno, kesho yake hainuki kitandani.

Tulikuwa na rafiki mwoga wa maji. Tulifunga kamba ndefu puani mwa ubao wake, nami nikasimama kwenye maji ya kiunoni nikiishika. Alipojua kwamba hawezi kwenda mbali, mabega yakalegea, akaanza kuutazama mlingoti badala ya kuangalia maji. Kabla ya alasiri aliniomba mwenyewe nifungue kamba. Alikwenda, akageuka, akarudi pale pale nilipokuwa, na sote watano tulipiga kelele kama tumeshinda kombe. Siku ile upepo wa alasiri ulikuwa mzuri sana na niliukosa karibu wote, na sikujutia hata kidogo.

Sikukuu ina jambo lake: watu ni wengi. Waogeleaji wapisheni daima. Kati yenu wenye tanga, ambaye upepo unampiga kutoka mkono wa kushoto humpisha ambaye unampiga kutoka wa kulia. Upepo ukiwapiga upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demani, na anayempita mwenzake ndiye wa kukwepa. Wawekeni kichwani sheria hizi hata wanaoanza.

Wakati wote mtu mmoja akae ufukweni, mwenye simu, funguo za gari na macho yasiyobanduka majini. Zamu hiyo izunguke, isiwe kazi ya mpenzi wa mtu aliyekuja kuangalia tu. Na kila mmoja avae jaketi la kuokolea. Aliyeshindwa kurudi asiuache ubao hata ufukwe ukionekana karibu, kwa sababu ubao unaelea na yeye atachoka. Akae juu yake, anyooshe mikono pande mbili, aiinue na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika kimataifa. Baridi nayo isidharauliwe hata siku ya jua, maana maji hunyonya joto la mwili haraka sana kuliko hewa. Anayetetemeka atoke, bila kubembelezwa.

Siku ya kwanza msijimalize. Viganja vikishatoka malengelenge, siku mbili zilizobaki ni za maumivu. Siku upepo usipovuma kabisa, tumieni tanga kubwa kujifunza kugeuka mahali pamoja, jambo ambalo hata mjuzi huwa halijui vizuri.

Wakati wa kufungasha, osheni kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi na mtenganishe vipande vya mlingoti siku hiyo hiyo. Chumvi na mchanga vikikaukia kwenye maungio, haviachani kirahisi. Ukiniandikia uzito wa kila mmoja wenu na jinsi ghuba hiyo inavyoelekea, nitakusaidia kupanga nani achukue tanga gani.