Bei tatu za gunia moja: niuze mahindi sasa au ningoje?

Swali: Mimi ni mkulima wa mahindi sehemu za Rongai, Kaunti ya Nakuru. Nina magunia 140 ambayo yamekaa stoo tangu Desemba, na tangu Februari bei inapanda karibu kila wiki. Broka anayefika shambani ananipa shilingi 3,650 taslimu, ila gunia lake hulipima kilo 93. Kinu kimoja mjini Nakuru kinasema shilingi 4,100 kwa gunia la kilo 90, na hulipa baada ya wiki mbili. Redioni nimesikia 4,300 ya Nairobi. Nikipeleka kinuni, lori linataka shilingi 120 kwa kila gunia, vibarua wa kupakia na kupakua 40, gunia jipya 50 na ushuru wa kaunti 20. Mahindi yangu yamepimwa unyevu wa asilimia 15. Pia nina mkopo wa sacco wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Je, ni nani kati yao anayenidanganya? Niuze sasa au ningoje Juni? Na je, ni haki kumuuliza broka yeye huuza kwa bei gani?

Jibu: Mama, nashukuru kwamba umeandika hesabu zote, kwa sababu wengi huniuliza kama bei ni nzuri bila kunieleza ni bei ya wapi, ya kilo ngapi, ya mahindi yenye unyevu gani na ya kulipwa lini. Mambo hayo manne yakikosekana, kinachotajwa hakijawa bei bado. Ndiyo maana nasema kwamba huenda hakuna aliyekudanganya kati ya hao watatu, kwani kila mmoja ametaja bei ya kitu tofauti na mwenzake.

Tuiweke kando ile ya Nairobi, kwa kuwa wewe huuzi Nairobi, na gharama ya kufikisha mzigo huko kutoka Rongai iko ndani ya hizo 4,300. Tuchukue kinu na broka, kisha tuzilete bei zao mlangoni pa stoo yako. Kinu kinatoa 4,100. Ondoa lori, vibarua, gunia na ushuru, ambavyo kwa jumla ni shilingi 230, zinabaki 3,870. Kisha kuna unyevu. Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa nchini kwa mahindi makavu ni kisichozidi asilimia 13.5, na mahindi yako yako kwenye 15. Katika kilo 90 za mahindi yako, sehemu 85 kati ya 100 ndizo kavu. Yakikaushwa hadi 13.5 zitabaki kilo 88.4 hivi. Kinu kinachofuata hesabu kitakulipa hizo 88.4, kwa hiyo utapungukiwa na shilingi 71 kwa gunia. Bei halisi ya kinu mlangoni pako ni takriban shilingi 3,799.

Sasa broka. Anasema 3,650, lakini anachukua kilo 93. Gawanya 3,650 kwa 93, kisha zidisha kwa 90, utapata shilingi 3,532. Hiyo ndiyo bei anayokupa. Kilo tatu hazionekani kuwa kitu mbele ya gunia lililojaa, lakini kwa magunia 140 ni kilo 420, yaani zaidi ya magunia manne na nusu yanayoondoka bila kulipiwa. Ningekuwa wewe, ningebishana naye kuhusu mzani kabla ya kubishana kuhusu bei, kwa maana bei huisikia kila mtu ilhali mzani huangaliwa na wachache.

Tofauti kati ya wawili hao ni shilingi 267 kwa gunia, na kwa mzigo wako wote ni karibu shilingi 37,400. Hiyo ndiyo gharama ya kupata pesa leo badala ya wiki mbili zijazo, na ya kumwachia mtu mwingine kazi ya kutafuta lori na kusimama kwenye foleni ya kinu. Simlaumu broka kwa kudai malipo ya kazi hiyo, kwa sababu ni kazi ya kweli na ina hatari zake: mzigo unaweza kukataliwa kinuni kwa unyevu au kwa sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotokana na ukungu), na akabaki nao. Ninachosisitiza ni kwamba malipo hayo uyajue ni kiasi gani, nawe ndiwe uamue kama yanastahili.

Kuhusu mzani wenyewe, wa kibiashara unatakiwa kisheria kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na una haki ya kuomba kuuona muhuri huo. Lakini kuna jaribio lisilohitaji afisa. Chukua mtungi wa lita 20, upime ukiwa mtupu, kisha ujaze maji hadi lita 20 kamili na uupime tena. Tofauti iwe kilo 20. Nimewahi kusimama na mkulima mmoja huku mzani wa mnunuzi ukisoma kilo 18 na kidogo kwa maji hayo hayo, na hakuna aliyehitaji kupandisha sauti. Mnunuzi alirudi na mzani mwingine kesho yake.

Nije kwenye jambo gumu, la kuuza au kungoja. Bei inapopanda kila wiki, mkulima hujikuta akiuliza itafika wapi, na swali hilo halina anayeweza kulijibu kwa uhakika. Linaloweza kujibiwa ni hili: kungoja kunanigharimu kiasi gani kwa mwezi? Gunia lenye thamani ya 3,800 likiwa limefungwa na mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi linakula riba ya shilingi 38. Tukisema, kwa mfano tu, kwamba fukusi, dumuzi na panya wanakuondolea asilimia 1 nyingine kwa mwezi, hizo ni 38 zaidi. Kwa hiyo kila mwezi ambao bei ya mlangoni pako haijapanda kwa zaidi ya shilingi 76, umerudi nyuma hata kama redio inasema soko linapanda. Kutoka sasa, mwezi Machi, hadi Juni ni shilingi 228. Bei ya mlangoni ingepaswa kuvuka 4,027, na ile ya kinu kuvuka 4,330 hivi, ndipo uanze kupata faida ya kusubiri.

Lakini angalia vizuri, magunia yako 140 hayana gharama moja. Mkopo wako unalingana na magunia 53 kwa bei ya sasa. Hayo ndiyo yanayokula riba. Yaliyobaki hayadaiwi na mtu. Ushauri wangu ni uuze 53 hadi 55 sasa kwa kinu, ulipe sacco, na hapo gharama ya kungoja kwa magunia yaliyobaki itapungua kwa nusu. Wakulima wengi hufanya kinyume: huuza gunia mojamoja kwa broka kila haja ndogo inapotokea, huku mkopo ukiendelea kuzaa riba na mahindi mengi yakiendelea kusubiri bei.

Ondoa pia chakula cha nyumbani kwanza, kwa kuhesabu vizuri hadi mavuno yajayo. Nimeona familia ikiuza gunia Machi kisha ikinunua mahindi kwa gorogoro mwezi Julai, na kwa hesabu ya kilo walilipa zaidi ya walivyouza.

Yaliyobaki, tuseme 75 hadi 80, usiyangojeshe yote tarehe moja. Gawa mara mbili, na kwa kila fungu andika katika daftari masharti mawili: bei ambayo ikifika nauza, na tarehe ambayo ikifika nauza hata kama bei hiyo haijafika. Sharti la pili ndilo watu hulikwepa, nalo ndilo linalowaokoa. Kwa kawaida mahindi yetu ya Bonde la Ufa huwa adimu na ghali kati ya Mei na Julai, kisha mahindi ya Tanzania yanayovunwa kuanzia Mei huanza kuingia, yale ya msimu wa kwanza wa Uganda hupitia Busia na Malaba, na mavuno ya Magharibi na Nyanza huja Julai na Agosti. Juu ya hayo, serikali inaweza kuruhusu mahindi kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ule ushuru wa asilimia 50, na tangazo kama hilo halingoji msimu. Mwaka 2023 gunia lilivuka shilingi 5,000 katikati ya mwaka. Msimu wa mavuno ulipofika, bei iliyotangazwa na serikali kwa ununuzi wa Bodi ya Nafaka ilikuwa 4,000, na wapo waliokuwa wakinunua shambani kwa chini ya hapo. Aliyekuwa ameshikilia mahindi ya zamani akingoja bei iendelee kupanda aliyauza pamoja na mapya. Kwa hiyo fungu lako la kwanza liwe la mwisho wa Aprili au mapema Mei, na la pili lisipite katikati ya Juni.

Kabla ya kuyafungia, yakaushe. Asilimia 15 ni nyingi mno kwa mahindi yatakayokaa miezi mitatu, na mvua za masika ziko karibu. Ukiyatia katika mifuko isiyopitisha hewa kabla hayajafika 13.5 au chini yake, yanaweza kushika ukungu, na ukungu huo ndio mlango wa sumukuvu, ambayo kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 kwa bilioni. Mzigo ukizidi hapo haufai kuliwa na mtu, na bei haina maana tena. Yaanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Uzito utakaopungua wakati wa kukausha usikuhuzunishe. Ni maji yale yale ambayo kinu kingekukata.

Ipo njia nyingine ambayo wachache huku kwetu wameijaribu. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 inakuruhusu kuweka mahindi katika ghala lenye leseni, yapimwe uzito na daraja, upewe stakabadhi inayotambulika kisheria, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Utalipia ghala, kwa hiyo iingize ada hiyo kwenye ile hesabu ya kila mwezi kabla ya kuamua.

Nataka kukutahadharisha pia kuhusu arubuni, kwa sababu soko linapopanda ndipo mabroka hupita na arubuni. Mtu anakupa shilingi 10,000 leo ili ufunge magunia yote kwa 3,650, na anasema atakuja kubeba. Bei ikipanda, atakuja kesho na kukukumbusha kwamba mmekubaliana. Ikishuka, hatapokea simu, naye amepoteza 10,000 tu wakati wewe umepoteza wiki tatu na wanunuzi wengine uliowafukuza. Arubuni si vibaya yenyewe, ila iandikwe: magunia mangapi, kilo ngapi kwa gunia, bei, na siku ambayo ikipita bila mzigo kubebwa, arubuni ni yako na mahindi ni huru.

Na kuhusu kujua bei ya kweli, mazoea niliyoyaona yakifaa ni haya. Kila Jumatatu na Alhamisi piga simu kwa wanunuzi watatu, uliza mambo yale manne kwa maneno yale yale, na andika majibu pamoja na tarehe. Linganisha na bei ambazo Wizara ya Kilimo huchapisha kwa masoko mbalimbali, na zile za Baraza la Nafaka la Mashariki mwa Afrika. Baada ya mwezi mmoja utaanza kuona siku ngapi hupita kabla ya bei ya kinu kufika shambani. Kwa uzoefu wangu, ikipanda huchukua siku kadhaa, na ikishuka hufika jioni hiyo hiyo. Siku hizo kadhaa ndizo faida kubwa ya broka kuliko hata zile kilo tatu, na zinapungua haraka wakulima kumi wa kijiji kimoja wanaposomeana daftari zao. Mkiwa kumi, lori moja pia linajaa, na zile 120 za usafiri zinaweza kujadiliwa.

Swali lako la mwisho, kama ni haki kumuuliza broka anauza kwa bei gani: unaweza kuuliza, naye halazimiki kujibu, na mara nyingi hatajibu kweli. Kuna swali jingine ambalo hawezi kulikwepa. Mwombe akutajie bei mbili za gunia la kilo 90 kamili kwenye mzani mliokubaliana: bei ya taslimu leo, na bei ambayo angekulipa akishalipwa na kinu baada ya wiki mbili. Pengo kati ya bei hizo ndilo analotoza kwa pesa taslimu. Likiwa shilingi 40 au 50, mpe sehemu ya mzigo wako kwa moyo mweupe, hasa wiki ambayo lori halipatikani. Likikaribia zile 267, piga simu ya lori.